Povu la Tabita

Sisi tuliokulia kijiji cha Ruanda, huku Mbozi, enzi zile mama zetu wakishinda kwenye kahawa, hatukujua dada wa kazi. Asubuhi tulimwagwa uani kwa Bibi Lusia kama mahindi ya kuanikwa, kila mtoto na kiazi chake cha mchana. Baridi ya mwezi wa sita ilikuwa inauma, kamasi zinatuchuruzika, tunagombania kukaa karibu na mafiga. Kiazi kilichomwa kwenye majivu, ukakila na ganda lake, mdomo mweusi tii. Leo mpe mtoto kiazi cha hivyo, atakuuliza tomato iko wapi.

Narudi kwa Bibi Lusia, maana mimi nikianza viazi simalizi. Alipokea hata watoto waliokataliwa kwingine. Kulikuwa na mmoja wa pumu, kifua kinalia kama mluzi, na kulikuwa na Tabita, wa kifafa. Vidonge vyake vya zahanati vilikaa kwenye kopo la majani ya chai. Kivuli cha paa kikigusa kizingiti, Bibi anaita, "Tabita, njoo umeze!" Vijana wa siku hizi mpaka simu ilie ndipo wakumbuke dawa. Chaji ikiisha je?

Sisi wengine alitufundisha: "Akianguka, mvuteni mbali na moto, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni. Kisha kaeni naye mpaka arudi."

"Ndiyo, Bibi!"

Lakini nyumbani nilifundishwa jingine. Bibi mzaa baba alisema, "Povu lake likikugusa, na wewe utaanguka." Nilikuwa na miaka saba, nikawaamini wote wawili, kama mtu anayetoka kanisani akapitia kwa mganga.

Siku hiyo Bibi Lusia alikwenda nyuma ya nyumba kuchuma majani ya maboga. Akaniambia, "Mwangalie mwenzako." Tulikuwa tunacheza vijiwe, na Tabita ananishinda.

"Umeiba!" nikamwambia.

"Nimeiba nini? Wewe ndiye mzembe, kaka."

Akacheka. Kicheko hakikuisha, macho yakageuka, akaanguka, mkono wa kulia ndani ya mafiga. Nilimkamata gauni. Hilo nalikumbuka vizuri, nililikamata. Halafu nikaona povu linateremka kwenye kola, linakuja vidoleni kwangu. Nikamwachia. Nikasimama pale napiga kelele.

Kutoka kwenye maboga mpaka uani si mbali. Lakini kwa mkono ulio motoni ni mbali sana.

Jioni mama zetu walirudi, vikapu bado mgongoni. Mama yake Tabita aliutazama ule mkono uliofungwa kitambaa, akauliza, "Alikuwa na nani?"

Bibi Lusia akanitazama. Akasema, "Alikuwa na mimi, mwanangu. Ni uzembe wangu."

Nikaokota vijiwe vyangu, nikamfuata mama nyumbani. Wiki haikuisha, ua ule ukabaki na kuku tu. Tabita alifungiwa ndani asiungue tena, baadaye wakahamia Isongole, na sikumwona tena. Bibi Lusia aliishi miaka mingi baada ya hapo, nami nilipita mlangoni kwake nikienda shamba, namwamkia, ananiitikia. Kila siku nilisema nitamwambia kesho kwamba niliachia gauni. Tulimzika sijamwambia.

Sasa kitukuu wangu anacho kifafa. Mchana analelewa Mlowo, nyumbani kwa binti mmoja mwenye kucha ndefu kama za kunguru, nami nilimdharau kwa hizo kucha. Jumanne nilikwenda kumchukua, mtoto akaanguka mlangoni, miguuni pangu. Binti alikuwa ndani anambadilisha mwingine nguo. Akatokeza kichwa: "Babu, mlaze ubavu! Usimwekee kitu mdomoni! Nakuja!"

Maneno yaleyale.

Nikapiga magoti, yanavyolia haya magoti. Nikamlaza. Povu likanishukia vidoleni, likafika kwenye mkono wa shati. Nilikaa naye mpaka akarudi, akaomba maji. Povu lilikuwa limeshakauka. Mate tu, kama ya mtoto yeyote.

Enzi zetu tulikuwa na viazi vitamu kuliko vya leo, hilo sibishani na mtu. Tulikuwa na adabu, tulisema "ndiyo, Bibi" wote kwa pamoja. Huyu wa kucha ndefu hata shikamoo anaimeza nusu. Lakini asingeliachia gauni la Tabita.