Samaki wa Harusi ya Shiuli

Tofazzel Mridha alikuwa bingwa wa kulima juti, mmea wa nyuzi za magunia, pale kijijini, na hakuacha mtu asahau hilo. Nyuzi za wengine alizishika kwa vidole viwili, akazinusa, akasema, "Hizi za kufungia mbuzi." Zake zilitoka ndefu na za rangi ya dhahabu. Mwaka ule mvua iligoma na mfereji ukabaki matope matupu. Juti ikikatwa isipopata maji ya kulowekwa mpaka ganda lioze, nyuzi haziachani na mti, na bingwa hubaki na kuni.

Bwawa pekee lililokuwa na maji ya maana lilikuwa la dada yake Momena, mjane. Humo aliishi rui mkubwa, samaki aliyefugwa tangu Shiuli, bintiye Momena, akiwa anajifunza kusoma. Shiuli alikuwa anaolewa. Siku ya manjano, bibi harusi anapopakwa manjano, rui yule angevishwa kisari chekundu na pete puani, apelekwe kwa kina bwana harusi. Momena aliondoka kwenda kuwaalika ndugu wa marehemu mumewe, akamwambia kaka yake, "Niangalizie bwawa." Tofazzel akajibu, "Wewe nenda. Mimi si nipo?"

Hakuna mtoto wa pale asiyejua kwamba juti na samaki hawakai pamoja. Maji nayo yana hewa yake, na kinachooza ndani yake huila hewa hiyo yote. Tofazzel alijua, lakini akajiambia ni mafungu machache tu, tena pembeni, chini ya magugu maji. Akayazamisha kwa vigogo vya migomba.

Konokono ndio waliotangulia kukimbia, wakapanda mashina ya magugu. Kamba wakajisogeza ukingoni, ukiwagusa hawaruki. Kisha asubuhi moja yenye mawingu samaki walijaa juu ya maji, vinywa wazi, wakihema. Tofazzel akababaika. Akaona labda wamelegea kwa njaa, akawamwagia mashudu ya haradali. Chakula hakikuliwa. Kikaenda kuozea chini pamoja na juti, na hali ikazidi kuwa mbaya. Alipopata akili ya kuyatoa mafungu yake na kuyapiga maji kwa mwanzi, rui mkubwa alikuwa ameshalala ubavu.

Momena alirudi, akaliona bwawa, akakaa chini palepale. Harufu haikumwambia kitu, maana msimu ule kijiji kizima kilinuka juti.

"Sumu," alisema jirani mmoja. "Umegombana na nani?"

Momena hakuwa amegombana na mtu. Ila Nitai mvuvi aliwahi kuomba atupe nyavu wagawane samaki, naye akamkatalia. Hilo likatosha. Tofazzel alifungua kinywa aseme, akakifunga. Alijiambia atasema jioni, watu wakishatawanyika.

Wakachimba shimo wawafukie samaki, kwani nani ale sumu? Tofazzel peke yake alijua nyama ile ni safi. Alipokuwa akiwakusanya, akakuta kambare yuko hai, anafurukuta kwenye tope. Kambare hupumua hata hewa ya juu, ndiyo maana alipona. Sumu isingemwacha. Mtu mwingine akimwona, ataanza kuuliza. Tofazzel akatazama huku na huku, akamtupa shimoni na kumfukia mzimamzima. Aliona haya kiasi kwamba hakuweza kumtazama hata mbuzi aliyefungwa pale.

Rui mkubwa hakufukiwa. Shiuli alimkumbatia na hakukubali.

Alasiri baraza likakaa. Nitai alisimama mbele ya watu, amejifunga kitambaa kiunoni.

"Mkinifukuza mtoni nitakula nini?" aliuliza. "Mnasema nimetia sumu. Mpeni mke wangu huyo rui ampike. Nitamla mbele yenu."

"Wewe mwanamume una wazimu?" mkewe alimnong'oneza huku akimvuta mkono. "Je, kama mwingine katia?"

"Basi nitakufa nikiwa msafi."

Rui akapikwa kwa manjano, sahani ikaletwa. Tofazzel alihisi nafuu. Nitai atakula, hatadhurika, ataachiwa, na hakuna atakayejua lolote. Mke wa Nitai alikuwa analia kimyakimya, akimtazama mumewe kama mtu anayeaga maiti.

Nitai alipokata tonge, Momena akainuka. "Acha, kaka Nitai. Samaki si roho ya mtu. Mimi nimesamehe."

"Ukisamehe wewe, sisi hatujasamehe," mzee wa baraza alisema. "Asipokula, ahame."

Nitai akaliinua tonge. Hapo Tofazzel akashindwa kuvumilia. Alisogea, akaitwaa sahani, akatia tonge kinywani.

"Kaka!" Momena alimrukia, akamkamata mkono kwa nguvu zote. "Tema! Nimebaki na nani mimi? Tema, kaka, utakufa!"

Tofazzel alitafuna akameza. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Sifi," alisema. "Hakuna sumu. Niliweka juti yangu bwawani kwako. Niliwaona wakihema, nikanyamaza. Mpaka sasa nilikuwa nimenyamaza."

Nitai aliketi chini, na mkewe akamshika bega. Momena akauachia mkono wa kaka yake, kidole baada ya kidole.

"Haya, kula," alisema. "Si ndiye samaki wa harusi ya mpwa wako? Usibakize."

Tofazzel akainama juu ya sahani, akala, na watu wote wakakaa wakimtazama mpaka akamaliza.