Tausi wa Mtarizi

Kila asubuhi yule mtarizi alifika kwenye meza ya vitabu ya Zorzi, kando ya daraja la Rialto mjini Venisi, na kila asubuhi hakununua kitu. Alifungua kitabu kilekile cha nakshi za kutarizia, alichokichapa Zorzi mwenyewe, akalaza mkono juu ya ukurasa wa tausi, kisha akasimulia maradhi ya paka wake bila kituo. Vidole vyake vyenye sugu za sindano havikutulia. Zorzi alidhani ni uzee. Siku moja, alipokwisha kuondoka, Zorzi aliinua ukurasa ule kuupangusa vumbi, jua likapenya: tausi mzima, tangu kishungi hadi kucha, ametobolewa vitundu vya pini. Kumbe bibi alipenyeza karatasi yake chini, na vitundu vyote ameondoka navyo, nakala kamili ya kutarizia!

"Mama! Umeniibia tausi!" Zorzi alimfokea darajani.

"Yule kipofu?" mtarizi alijibu bila kugeuka. "Ulipomwiba kwa kumnakili kitabuni mwa mchapaji Mjerumani, mwanangu, jicho ulilisahau. Mimi nimemtia."

Jumapili kanisani, Zorzi aliketi nyuma yake. Kutoka kwenye shali ya bibi, tausi aliyetariziwa akamkodolea jicho. Watu walipoinamisha vichwa kusali, Zorzi akachomoa karatasi na kipande cha mkaa, akaanza kulinakili lile jicho.