Koleo la Roseline na Mguu wa Mzee Opicho

Roseline Okinyi anasuka nywele katika kibanda cha mabati pale Huruma, ukuta mmoja na changu cha kuuzia samaki wa omena, na kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia hakikunjiki. Kimenyooka hivyo hivyo, akila, akisuka, akilala. Wateja wageni hudhani anawanyooshea kidole. Zamani alisuka rasta nyembamba hadi watu walitoka Njiru kumfuata. Siku hizi anasuka mistari minene na kushona wigi, na wale wa Njiru walishapata msusi mwingine.

Aliyemfanyia hivyo nitamtaja bila kupunguza sauti. Ni Opicho, mzee wa kanisa letu, bwana mkubwa wa vifaa.

Kila Agosti kanisa letu hupanda kilima cha maombi upande wa Tala. Tunalala kwenye hema, tunapika wenyewe, tunakesha na kufunga. Kiunoni mwa Opicho huning'inia kile chombo cha kukunja chenye kila kitu tumboni: koleo, kisu, bisibisi, msumeno mdogo, kifungua mkebe. Hakuazimi kabla hajakuhutubia. Mwaka juzi alimpa Roseline akate kamba ya gunia la viazi. Kisu kikajikunja chenyewe, kikabana kidole na kukikata hadi mfupani.

Damu inamwagika, na mzee wetu anafanya nini? Anaokota koleo lake, anakagua kama limepinda.

"Mama, wewe huna mkono wa kushika vitu vya chuma," akasema mbele ya kanisa zima. "Kisu changu hakina shida. Ni haraka zako."

Kanisa likaamini, kwa sababu Opicho huongea kwa sauti nzito na hukaa kiti cha mbele. Roseline akaondolewa jikoni, akapewa kazi ya kusugua sufuria. Hakubishana na mtu. Lakini tuliporudi Huruma alikuja kwenye kibanda changu akakaa juu ya debe.

"Asenath, huyu mzee atasema ukweli na mdomo yake, mbele ya watu wale wale."

"Utamfanya aje?"

"Atanihitaji. Na hiyo siku nitakuwa na kitu chenye anahitaji."

Wengine watasema hayo si maneno ya Mkristo. Waseme, vidole vyao vinakunjika.

Ndipo tukaenda Eastleigh, kwa Mahad, anayeuza vitu vya watu wa kupanda milima. Mahad akapanga zana za kukunja kama ile ya Opicho juu ya meza yake ya kioo, akaanza na kubwa inayong'aa.

"Hii iko na kila kitu, mama. Mpaka mkasi ya kucha."

Roseline hakuhesabu vilivyomo. Alifungua kisu, akagonga mgongo wa kile kisu kwenye ukingo wa meza, pa! Kisu kikajikunja. Akaisukuma kando.

"Pole pole, mama! Hiyo ni mali!"

"Hata kidole yangu ilikuwa mali."

Akagonga zote. Zile zilizosimama imara akazijaribu koleo. Alitoa sindano yake ya kushonea wigi, akailaza juu ya kioo, akajaribu kuiokota kwa ncha. Nyingi ziliacha mwanya pale mbele na sindano ikateleza. Zilizobaki akazifungua na kuzifunga kwa mkono wake wa kulia peke yake, kidole kimesimama pembeni, ili aone kama kidole gumba kitafikia kifungio. Mwisho akabaki na moja nyeusi, nzito, yenye sura mbaya. Haikuwa na msumeno wala kifungua mkebe.

"Sasa hiyo ni ya nini?" Mahad akauliza. "Unaenda camping ama unaenda vita?"

"Naenda maombi," Roseline akamjibu.

Agosti ikafika, tukapanda. Roseline alilifunga koleo ndani ya leso, akasugua sufuria zake kimya. Kila Opicho alipopita akitamba na kiuno chake, nilimwangalia shoga yangu nikidhani atalipuka. Hakulipuka. Aliomba pamoja nasi, akaimba pamoja nasi, na mimi ninayemjua nilijua anaomba nini.

Asubuhi moja Opicho alienda kuokota kuni akiwa amevaa slipa. Mwiba wa mgunga ukatoboa slipa, ukazama kwenye wayo, ukavunjika karibu usawa wa ngozi. Akabebwa hadi jikoni. Alijaribu kuung'oa kwa koleo lake mwenyewe, likateleza. Akajaribu tena, likateleza, jasho likimtoka. Kukanyaga hawezi, na gari tuliliacha chini kabisa. Pasta akaomba. Mwiba haukutoka.

Roseline akapangusa mikono, akaketi juu ya jiwe mbele ya ule mguu, akafungua koleo jeusi.

"Mzee, hii yangu inashika sindano. Lakini kwanza niambie, ni nini ilinikata kidole?"

"Toa kwanza, mama. Tutaongea."

"Tuongee kwanza. Nitatoa."

"Dada, msamehe," Pasta akaingilia.

"Msamaha nitaomba Mungu anipe nikirudi Huruma, Pasta. Hapa nimekuja na koleo."

Opicho akamtazama mkewe, Lorine. Lorine akatazama chini.

"Ni kisu," mzee akasema.

"Ya nani?"

"Yangu."

"Na haraka zangu?"

Opicho akainua kidole gumba cha mkono wa kushoto, tukaona kovu.

"Ilikuwa imenikata mimi kwanza, tukifunga hema kanisani. Kifungio yake ilikuwa imeharibika. Nilijua."

Hilo hatukulitarajia. Roseline alikuwa amengoja muda wote huo ili asikie kwamba kisu kilijikunja kwa bahati mbaya. Kumbe mtu alimpa kisu akijua. Mimi nilimwombea akunje koleo amwache hapo hapo aoze. Naam, niliomba hivyo, juu ya kilima cha maombi.

Hakumwacha. Alishika mguu, kile kidole kigumu kikalala juu ya wayo, akaubana mwiba na kuuvuta polepole. Huyu ni mwanamke anayefumua nywele za mtoto aliyelala bila kumwamsha. Angetaka, ungetoka mara moja. Opicho alipiga mayowe hadi wanawake waliokuwa wakiimba kule juu wakanyamaza.

"Asante, mama," akasema akihema. "Lete niutupe."

"Huu ni wangu," Roseline akasema, akaufunga kwenye pindo la leso.

Sasa mwiba umo saluni, ndani ya kikombe cha vitana. Juzi Lorine alikuja kusukwa mistari, na mumewe akaja kumchukua. Alisimama mlangoni akakiona kikombe.

"Roseline, hiyo kitu si utupe? Si nilisema ukweli?"

"Nitatupa siku hii itakunjika," akamjibu, akamwinulia kidole.

Opicho alikitazama kile kidole, kisha akaenda kumngojea mkewe kule nje, juani.