Nilifundisha English kwa mchezo wa kunong'ona, sentensi ikawa inakufa kwa mwanafunzi mmoja

Wakuu, heshima kwenu, na poleni na majukumu.

Naandika hili bila kuongeza chumvi. Kuna sehemu zinaniaibisha mwenyewe, nimeziacha zilivyo.

Mimi ni mwalimu wa English, sekondari ya kata, nje kidogo ya mji wa Mpanda. Shule siitaji.

Kwa wanafunzi wangu wa Form Two, English ni lugha ya tatu. Nyumbani Kisukuma au Kibende, uwanjani Kiswahili. Ukiuliza swali darasa zima linainamia madaftari.

Mwaka jana nikaenda semina ya siku mbili, tukafundishwa michezo ya darasani. Mmoja ni wa kunong'ona. Unamnong'oneza mwanafunzi wa kwanza sentensi sikioni, naye anampa wa pili, hivyo hivyo mpaka wa mwisho anaisema kwa sauti.

Niliuona wa chekechea. Ila nilipoujaribu, watoto ambao sijawahi kuzisikia sauti zao wakawa wanagombea kukaa mbele ya mstari.

Mstari wa kwanza niliwapa "My uncle sells dry fish in Ikola." Ikatoka "My uncle is dry fish." Tulicheka mpaka darasa la jirani wakachungulia.

Mstari wa pili, sentensi ile ile ikatoka "Good morning teacher."

Nikaanza kuulizia mmoja mmoja ilipobadilikia. Ilibadilikia kwa Kabula.

Huyu binti walimu tulishamchoka. Ukimwita akiwa amekupa mgongo, hageuki. Ukimuuliza kitu anakutazama mdomoni kama anakukejeli. Na daftari lake safi kuliko yote, kwa hiyo tukaamini anajua, ila ana dharau. Nilishampigisha magoti. Nilishampa eneo la kulima peke yake.

Nikamhamishia mstari mwingine. Sentensi mpya. Ikafika kwake, ikatoka tena "Good morning teacher."

Darasa safari hii halikucheka. Hilo ndilo lilinishtua kwanza.

Nikazunguka nyuma yake, nikasema kwa ukali, "Kabula, unanichezea?"

Hakutikisika. Nikamchungulia usoni, alikuwa anatabasamu akiangalia mbele, anasubiri mchezo uendelee.

Rafiki yake wa dawati moja, Zawadi, akasimama. "Mwalimu, Kabula masikio yake hayafanyi kazi. Anasoma midomo."

"Tangu lini?"

"Tangu darasa la pili. Aliugua."

"Na nyie wote mnajua?"

Wakainamia madaftari. Walikuwa wanajua, wakuu. Darasa zima. Zawadi ndiye alikuwa anamgusa mguu chini ya dawati kila nikimwita, na jioni anampa daftari anakili. Kabula aliwaomba wasiseme, akiogopa atahamishiwa shule ya viziwi, mbali.

Nikakaa kwenye kiti cha mwanafunzi.

Kesho yake nikamwita baba yake, mkulima wa mpunga. Nikamweleza taratibu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sisi nyumbani ukimtaka unamrushia kijiti, anageuka. Tulizoea hivyo. Tukajua ni mtoto wa mawazo mengi."

Halafu akatoa mfukoni ripoti ya muhula uliopita, imekunjwa mara nne.

"Mbona ulishaandika mwenyewe, mwalimu?"

Nikasoma. Mwandiko wangu, wino wangu. *Hasikii.*

Niliandika kama tunavyoandika wote, nikimaanisha mtukutu. Baba akasema, "Mimi nilisoma hapo nikamchapa. Nikaapa mwaka ukiisha anarudi shambani."

Nikaikunja ile ripoti, nikamwomba tumpeleke binti hospitali.

Tulimpeleka hospitali mjini. Sikio moja limekufa kabisa, la pili limebaki na usikivu kidogo. Kifaa cha kusikilizia kinahitaji hospitali kubwa, na bado hajakipata, nisiwadanganye. Ila baba yake amekubali aendelee kusoma.

Nilimwomba Kabula radhi mbele ya darasa, nikamuuliza tumsaidieje. Akafikiri, akasema kwa sauti ya juu isiyopanda wala kushuka:

"Punguza masharubu, mwalimu. Yanaziba mdomo."

Nimeyanyoa yote. Siku hizi siongei nikiwa nimegeukia ubao. Mchezo tumeubadilisha, sentensi inapita kwa kuigiza bila sauti, na Kabula anawaburuza wote.

Nilichojifunza: ile michezo tunayoiona ya kitoto inampa kila mwanafunzi zamu, na zamu ndiyo inaonyesha nani ana shida gani. Ningeendelea na "repeat after me" angemaliza Form Four bila mimi kujua. Na kabla hujaandika neno kwenye ripoti ya mtoto wa mtu, hakikisha unajua maana yake.

Walimu wenzangu mliomo humu, na nyie mliowahi kukaa kwenye dawati kama la Kabula, niambieni. Hata mkinisema, nimekaa hapa nasoma.