Erini wa Fadha Kabuti

Enzi zetu habari zilitembea kwa miguu. Zilianzia bombani asubuhi, zikapanda ngazi pamoja na ndoo za maji, zikapumzika kwenye kamba za nguo, na zikifika nyumba ya mwisho zimeshanenepa. Nyinyi mliozaliwa na simu mkononi hamwezi kuelewa. Lakini wenzangu mliocheza michezo ya kati na blada pale mitaa ya Umoja na Tena mpaka mkaitwa mara tatu kuoga, nyinyi mtanielewa, na mtanisamehe, maana habari moja mbaya kabisa niliianzisha mimi.

Parokiani kwetu kulikuwa na kasisi mzee kutoka Ayalandi. Tulimwita Fadha Kabuti kwa sababu kabuti lake hakulivua hata Januari, jua likipasua kichwa. Kwao alikuwa mtunzi wa nyimbo za kizalendo tangu ujana: nyimbo ndefu zenye hadithi, za mashujaa walionyongwa, za njaa iliyomaliza vijiji, za meli zilizobeba watu ambao hawakurudi. Alituambia watu waliziimba sokoni na matangani bila kujua nani alizitunga, na kwamba hilo lilimfurahisha kuliko kuona jina lake kitabuni. Hapa Eastlands aliendelea kutunga, kwenye daftari la shule, akijaribu kila mstari kwa kodiani yake iliyokuwa ikikohoa. Jumamosi baada ya katekisimu tulimzunguka, mandazi mkononi, tukaimba juu ya nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu angeweza kuionyesha kwenye ramani. Na tuliimba kwa uchungu jamani, utadhani tumezaliwa huko!

Muhula mmoja akaamua kuutafsiri wimbo wake alioupenda zaidi. Sasa, mtu aliyemfundisha Kiswahili alikuwa amemwambia kwamba neno la Kiswahili huishia kwa irabu. Fadha alikuwa mtu wa kufuata sheria. Nchi yake ina jina la mahaba, jina la kwenye nyimbo, Erin. Yeye akalipachika i mwishoni, likawa Erini.

Na katika ploti yetu ya nyumba za kupanga kulikuwa na Anti Airini, fundi cherehani, aliyetushonea yunifomu na kanzu za kwaya. Mama yangu, na akina mama wote waliotoka magharibi kama yeye, walimwita Erini. Anti Airini alikuwa na gauni la kijani alilovaa kila Jumapili, na alikuwa karibu kuolewa na Josfati, kijana wa kiwanda cha sabuni kule Industrial Area. Tangazo la kwanza la ndoa, kati ya yale matatu yanayosomwa Jumapili tatu mfululizo, lilikuwa limeshasomwa kanisani. Wimbo nao ulisema hivi:

Erini wangu mwenye vazi la kijani,
Wanataka kukufunga minyororo,
Nitavuka maji nije nikufungue.

Nilikuwa na miaka kumi na akili nyingi za bure. Nikaenda bombani nikatangaza, "Fadha amemtungia Anti Airini wimbo! Hataki aolewe!" Hilo la pili hakuna aliyeniambia, nililiongeza mwenyewe. Mama akanifinya sikio. "Wewe mtoto, huo mdomo wako utatuhamisha mtaa!" Halafu akainama, akaniuliza polepole, "Ubeti wa pili unasemaje?"

Lo! Lilipofika tangazo la pili, benchi alilokaa Anti Airini lilikuwa na nafasi pande zote. Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Josfati akaacha kupita kwetu jioni. Kisha mamake akatuma ujumbe kwamba Jumapili tangazo la tatu likisomwa, atasimama mbele ya watu wote kuipinga ndoa hiyo. Cherehani ikanyamaza. Sauti ile nilikuwa nimeizoea kuliko redio, na siku zile tatu nilipita mlangoni kwake mbio.

Jumamosi nikaenda kuungama.

"Fadha, nimetukana mara mbili, nimelamba sukari ya Mama, na nimesema unampenda Anti Airini."

"Airini yupi?"

"Wa kwenye wimbo."

Nikamsikia akivuta pumzi ndefu. "Mungu wangu," akasema, "ile i!"

Akaniuliza kama ningemruhusu kuueleza ule wimbo bila kunitaja. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza.

Kesho yake, kabla ya matangazo, alitundika ramani ya dunia ya shule karibu na altare. Akagusa kidoa kidogo cha kijani kwa fimbo. "Huyu ndiye Erini," akasema. "Nimempenda tangu utotoni. Ni nchi yangu. Ile i ya mwisho ni kosa la Kiswahili changu, na Dada Airini naomba anisamehe."

Mzee mmoja nyuma akacheka, kisha kanisa zima likapasuka. Mamake Josfati, aliyekuwa ameshainuka nusu, alikaa, akainuka tena, akaenda kumkumbatia mkwewe. Tangazo likasomwa, hakuna aliyepinga. Harusini Anti Airini aliingia kwa wimbo uleule, tena aliuomba mwenyewe.

Fadha Kabuti alirudi kwao uzeeni, na huko ndiko alikozikwa. Anti Airini bado anashona, hapo mtaani Tena, Josfati akimtungia uzi kwenye sindano. Juzi nilikwenda kupimwa gauni, nikaona yatosha kuficha, nikamwambia ni mimi niliyeanzisha uvumi ule. Miaka yote hiyo nilikuwa nimelibeba jambo hilo peke yangu.

"Nilijua," akasema, pini mdomoni. "Siku ile kanisa zima lilikuwa linacheka. Wewe peke yako ulikuwa unalia."

Akanigeuza, akanipima mabega.

"Mshukuru Mungu mambo hayo yalitokea zamani," akasema. "Leo ungelipiga picha lile daftari, likafika hadi mtaa wa Mukuru kabla hujafika nyumbani, na Josfati angeniacha kwa ujumbe wa simu. Siku hizi nani anangoja Jumapili ya tatu?"

Kisha akaniambia nisimame wima, niache kulia, maana nilikuwa nikimharibia vipimo.