375 ya Baba, 458 ya Anko

Kila Jumapili baada ya misa, baba na mdogo wake walikaa nyuma ya nyumba yetu huko Masii wakibishania bunduki ambazo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuzimiliki. Ujanani, baba aliwabebea wawindaji mizigo kabla uwindaji haujapigwa marufuku. Anko alikuwa askari wa wanyamapori mpaka akastaafu.

Baba alishikilia bunduki aina ya 375: haikuvunji bega ukifyatua, risasi zake ni nafuu, na inatosha kuanzia swara hadi nyati. Anko alitaka 458, yenye risasi nene, maana nyati aliyejeruhiwa hakungoji upige ya pili.

"Babu yetu aliangusha ndovu kwa mshale mwembamba kama spoki ya baiskeli," baba hakukosa kumkumbusha.

"Iliyoua ni sumu, si mshale!"

Mimi walinichosha. Nyani walikuwa wanatumalizia mahindi shambani, na wao wako hapo wanaua nyati wa mdomoni.

Mwaka huu anko alipata kiharusi. Tulimkuta wodini mdomo umepinda. Baba akamshika mkono.

"Nimefikiria sana," akamwambia taratibu. "458 ndiyo bunduki. Umenishinda."

Anko alimkodolea macho. Maneno yalimtoka kwa shida, lakini yalitoka.

"Kwani daktari amekuambia nakufa?"

Baba akavuta kiti, akapangusa macho kwa kofia yake.

"Hapana. Basi nisikilize vizuri. Hiyo 458 yako ni ya mtu asiyejua kulenga."