Mkanda Uliofuta Njia ya Ngamia

Kazi yangu hapa Garissa ni kuwavisha ngamia mikanda ya shingoni. Kila mkanda una kifaa kinachoandika, bila kupumzika, mahali ngamia alipo. Kumbukumbu yake ni faili chache za ukubwa mmoja. Ya mwisho ikijaa, kifaa hurudi kwenye ya kwanza na kuandika juu ya yaliyokuwamo. Nilipenda sana mpango huo, maana mimi ni mvivu wa kufuatilia mambo.

Mama mmoja wa mtaa wa Iftin, muuza maziwa, alipotelewa na ngamia jike aliyemtegemea. Mchungaji alikuwa mtoto wa kaka yake, kijana aliyekaribia kuoa. Jamaa walisema amemuuza. Yeye akashikilia kwamba ngamia aliibwa malishoni. Njia aliyopita mnyama ndiyo ingeamua. Mkanda ulipookotwa kichakani, umekatwa, mama alinipigia simu siku hiyo hiyo.

Nilikuwa nafunga mizigo, naenda kwetu Krismasi. Nikamwambia auweke nyumbani, nitapita nikirudi. Ndani ya basi, kabla hatujafika Mwingi, nilikumbuka kwamba sikumwambia auzime. Simu ilikuwa mkononi. Nikajiambia faili haziwezi kujaa upesi hivyo, nikalala.

Niliporudi, nilifungua kompyuta sebuleni kwa mama, kijana ameketi karibu na mlango. Faili zote, mwanzo hadi mwisho, zilikuwa na mahali pamoja tu: juu ya kabati la yule mama. Mkanda ulikuwa umekaa pale sikukuu nzima ukiandika kabati, kabati, kabati, hadi njia yote ya ngamia ikafutika.

"Walaal, ndugu yangu, mashine nasema nini?" mama aliuliza.

"Haisemi kitu," nikajibu.

Nilitaka kusema kwamba ushahidi umepotea, na aliyeupoteza ni mimi. Mama alisikia lingine kabisa. Akamgeukia mpwa wake. "Umesikia? Hata mashine nakataa kusaidia wewe."

"Eddo, wallahi mimi sikuuza," kijana akamwambia shangazi yake. Kisha akanitazama mimi, akingoja.

Nilifunga kompyuta. Nikasifu chai. Mpaka leo najichukia kwa ile chai.

Kijana aliondoka, na sasa analima mashamba ya watu kule Rhamu. Posa yake ilivunjika. Mimi bado napita Iftin, na mama bado ananiita ndani kwa heshima zote. Ningependa siku moja anifukuze.

Juzi alinisimamisha barabarani. Anataka ngamia wake mwingine naye avishwe mkanda.

"Watu nadanganya, walaal," akasema. "Hata damu yako nadanganya. Lakini mashine yako hapana danganya."

Nikamvisha ngamia mkanda, nikaukaza vizuri, na mama akaniombea dua.